Uzamivu wa Ubongo, na Ziwa Lipo Hapa

Wataalamu waliotutungia msamiati wa vyuo vikuu, walipofika kwenye shahada iliyo juu ya zote, waliliacha neno la kigeni wakachukua kitenzi cha majini, wakaiita shahada ya uzamivu. Nami, maadamu nilizaliwa pwani na kulelewa na watu wajuao tofauti ya kuogelea na kuzama, kila nilisikiapo neno hilo huona kwamba hawakukosea, kwa kuwa aogeleaye huonekana na wote walio ufukoni, ilhali azamaye hupotea machoni mwao kwa muda mrefu, wala hakuna ajuaye kama amepata kitu mpaka aibuke. Yapata miaka ishirini sasa naishi Kisumu, na bahari yangu imekuwa ziwa hili ambalo wenyewe huliita Nam Lolwe. Jioni, nikipita ufuo wa Dunga wakati mitumbwi ya omena inapotayarishwa kwa kazi ya usiku, nimejiuliza mara nyingi kwa nini uzamivu wa aina moja, ule wa kuuchunguza ubongo wa mwanadamu katika kutambua kwake, katika hesabu zake za ndani na katika kuishi kwake na wenzake, haujapewa makao yake hapa ziwani, ambapo maswali yake yametanda kama nyavu zilizoanikwa.

Wasomaji wengine watasema kwamba taaluma hiyo ni ya mataifa yenye fedha. Nawaomba wanivumilie kidogo, nianze na mvuvi kabla ya kufika kwa profesa.

Mvuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zake, kwani mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki. Hutega mahali alipobahatika jana. Akipata zaidi ya alivyotarajia, mahali pale hupanda daraja katika fikira zake. Akipata pungufu, hushuka. Na akipata sawasawa na hesabu yake, hakuna jipya alilojifunza. Jambo hili, ambalo kila mzee wa ufuoni angelikuambia bila ya kukutoza ada, ndilo lililoonekana katika maabara za Ulaya, pale Wolfram Schultz alipokuwa akisikiliza seli za ubongo wa nyani zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Na mwaka 1997 yeye pamoja na Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwa hisabati kwamba seli zile hazishangilii neema yenyewe, bali hutoa habari ya tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Hapo ndipo utambuzi ulipoingiliana na ukokotoaji: fikira, ambayo hapo kale ilikuwa mali ya wanafalsafa na washairi, ikaandikwa kwa mlinganyo ambao kompyuta yaweza kuufuata. Swali la pili la mvuvi yule, yaani lini aliache eneo linalopungua atafute jingine, lilikwisha kupewa kanuni yake na Eric Charnov tangu mwaka 1976, ijapokuwa yeye aliwafikiria wanyama watafutao malisho, wala si watu wenye deni la petroli ya mashine ya mtumbwi.

Walakini mvuvi hayuko peke yake. Ndani ya mtumbwi wamo wenzake ambao watagawana naye faida, na ufukoni yupo mwanamke mchuuzi aliyeamka alfajiri na beseni lake, ambaye hajui kama atauziwa au atarukwa. Mambo ya jaboya twayajua sote, na aghalabu twayasema kwa sauti ya chini: kwamba katika fuo nyingi samaki hawakuuzwa kwa fedha peke yake, na kwamba mwili wa mchuuzi uliingizwa katika bei. Mtu aaminije, akubalije asilolitaka, alipimeje la leo dhidi ya maradhi ya kesho, na je, njaa ya mtoto aliyeachwa nyumbani huigeuza mizani hiyo kiasi gani? Maswali haya ni ya sayansi ya ubongo na jamii, tawi ambalo kwingineko hujifunzwa kwa kuwapa wanafunzi wa chuo visenti vya mchezo na kuwatazama wakigawana chumbani. Sidharau vyumba hivyo. Nasema tu kwamba hapa mchezo huo huchezwa kila asubuhi kwa fedha za kweli.

Mintarafu ya ubongo, nchi yetu ilianza vibaya, na hatuwezi kuzungumza juu ya mafunzo bila ya kukumbuka waliotutangulia bila mafunzo. Mwaka 1934 Dkt. F. W. Vint, aliyekuwa katika maabara ya tiba ya serikali mjini Nairobi, alichapisha makala juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya, akiwa amepima ubongo wa marehemu wenyeji na kudai kwamba ulikuwa mwepesi na duni kuliko wa Wazungu. Kana kwamba ratili peke yake yaweza kusema, bila ya kuulizwa kwanza marehemu wale walikula nini utotoni na walikufa kwa maradhi gani. Baadaye akaja J. C. Carothers, ambaye mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari akiwa daktari wa kawaida asiyesomea tiba ya akili. Na mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni, naam, shirika lenyewe, likatoa kitabu chake ambamo alidai kwamba Mwafrika huitumia kwa nadra sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha mtu mzima wa Afrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya ukoloni ikatoa kijitabu cha daktari huyo juu ya saikolojia ya Mau Mau, na kiu ya watu ya ardhi na uhuru ikageuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyesomea kazi yake, alimjibu mwaka 1961 kwa maneno makali katika kitabu chake cha mwisho. Mimi nalitazama jambo hili kwa upande wa malezi ya kitaaluma: Carothers alikuwa mtu aliyepewa ofisi, na wagonjwa, na kalamu, kabla hajapewa elimu ya kazi ile, wala hakuwako karibu naye mwenyeji mwenye shahada iliyo sawa na yake wa kumwambia, bwana, hapo umekosea.

Kosa hilo halikurudiwa kwa sura ileile, lakini lina vizazi vyake vya upole. Mwaka 2001 zilitoka taarifa mbili za utafiti uliofanyika huku kwetu, upande wa Usenge, ambapo ziwa huipakata nchi ya Siaya. Wenye utafiti walikuwa Robert Sternberg na Elena Grigorenko, waliokuwa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na Wenzel Geissler na Ruth Prince waliokaa sana na watu wa huku, na Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ulikuwa utafiti wa insafu. Waliwauliza wanakijiji wenyewe akili ni nini, wakajibiwa kwa Dholuo kwamba ni mambo manne: rieko, ambayo ni maarifa na ustadi, yakiwamo ya darasani, luoro, ambayo ni heshima na kujua mahali pako mbele za watu, winjo, ambayo ni kusikia na kufahamu jinsi ya kuyakabili matatizo ya maisha, na paro, ambayo ni fikira yenye kuanzisha jambo. Mitihani ya shule hupima sehemu tu ya lile la kwanza. Kisha wakawapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 mpaka 15 katika ujuzi wao wa dawa za mitishamba, elimu ambayo watoto wa huku huitumia kwelikweli kujitibu minyoo na homa, wakaona jambo ambalo liliwashangaza wengi: watoto waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati. Hakuna aliyekuwa mjinga miongoni mwao. Kila nyumba ilikuwa imechagua ni elimu gani itamfaa mtoto wake, na mtoto alikuwa ameifuata.

Sasa utafiti ule, ambao hutajwa katika vitabu vya saikolojia vya Marekani, mimi niliusoma kwanza katika kitabu kilichochapwa ng'ambo, nikiwa nimeketi umbali wa safari ya nusu siku kutoka Usenge. Waliopimwa wakiwa na miaka 12 sasa wanakaribia miaka 40 au wameipita. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga, na kwa hakika wageni hawa walituachia hidaya. Lakini swali lililofuata, ambalo mtafiti mwenyeji angelilifuata miaka ishirini, la kujua ni ipi kati ya elimu zile mbili iliyomfikisha mtoto yupi wapi, halina budi kuwa na mtu aishiye hapa, anayejua mazishi ni lini na nani amehamia Mombasa.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko hotuba nyingi, nalo ni tarakimu. Kuna kipimo cha kale cha kumbukumbu ambamo mtoto husomewa namba moja baada ya nyingine, kisha huambiwa azirudie. Anayeweza kurudia saba huhesabiwa kuwa na kumbukumbu njema. Mwaka 1980 ilichapishwa kazi ya watafiti waliochunguza lugha ya Wales, wakaonyesha kwamba majina ya namba katika lugha ile huchukua muda zaidi kutamkwa kuliko ya Kiingereza, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo tu idadi ya namba ambazo mtu huweza kuzishika hupungua, kwani kumbukumbu ya papo kwa papo ni kama utepe wenye urefu wa sekunde chache. Basi zisome namba za Kiingereza kutoka moja mpaka tisa: karibu zote ni silabi moja. Zisome za Kiswahili: karibu zote ni mbili. Kisha zisome za Dholuo: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel, abiriyo, aboro, ochiko. Mtoto wa Bondo aliyepimwa kwa lugha ya mama yake ataingizwa kwenye jedwali pamoja na mtoto wa Leeds, na jedwali litasema ana upungufu, na upungufu huo utakuwa umetoka kinywani mwa abiriyo. Profesa wa ng'ambo, hata akiwa mwema wa moyo, aweza kufanya kazi miaka kumi asilitambue hilo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliyehesabu ng'ombe na nyanya yake angelitambua siku ya kwanza, lakini kulitambua hakutoshi, yampasa pia ajue takwimu za kulirekebisha na awe na cheo cha kukataa kipimo kile. Ujuzi ule wa nyumbani, hisabati ile na cheo kile, vikikutana katika mtu mmoja, ndiyo maana yangu ya shahada ya uzamivu.

Na hata vyombo vina asili yao. Mashine ya kurekodi umeme wa ubongo, ambayo Hans Berger aliifanyia kazi huko Jena tangu mwaka 1924, hutaka elektrodi zigusane na ngozi ya kichwa. Na kofia zake zimetengenezwa kwa nywele zinazolala. Mtu mwenye nywele za kipilipili zilizoshiba au aliyesukwa vizuri Jumamosi kwa ajili ya kanisani, aghalabu huachwa nje ya utafiti, si kwa chuki ya mtu, bali kwa usumbufu. Ilimpasa mwanafunzi mweusi wa Marekani, Arnelle Etienne, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, atoke na wenzake mwaka 2020 na elektrodi za kubana baina ya mistari ya misuko, walizoziita Sevo, ambalo ni neno la ubongo katika Krioli ya Haiti. Wasusi wa soko la Kibuye, wangeliulizwa, wangelitoa shauri hilo asubuhi moja.

Nimekwisha kusema ya nafsi na akili. Bado ya maradhi, na hapo hoja haihitaji kupambwa. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko zote katika Kenya, hata chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini, mwezi wa Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Malaria ikipanda ubongoni, mtoto huweza kupona na kuondoka hospitali akitembea, na mama akamshukuru Mungu, ilhali kuna kitu kimebaki nyuma. Utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, na Michael Boivin, Chandy John na wenzao wa Uganda, ulionyesha kwamba miaka miwili baadaye mtoto mmoja katika kila wanne wa waliougua malaria ya ubongo alikuwa na upungufu katika utambuzi wake. Kilifi nako, kwa miaka mingi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wamefuatilia kifafa na ulemavu uletwao na ugonjwa huohuo. Fauka ya hayo kuna selimundu, ambayo huzifunga njia za damu na kumpiga mtoto kiharusi kabla hajaota meno ya ukubwani, nayo imeenea kandokando ya ziwa kwa sababu ileile ya malaria; na kuna virusi vya UKIMWI, ambavyo huingia ubongoni mapema na ambavyo dawa huvituliza bila ya kuvifukuza. Waulize walimu wa darasa la tatu wa Rarieda au Nyakach: watakuonyesha watoto ambao ripoti zao husema wavivu.

Basi mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama jambo hili limewahi kuwezekana mahali kama hapa. Limewezekana, tena ng'ambo ya ghuba yetu wenyewe. Thomas Odhiambo, mwanafunzi wa zamani wa shule ya Maseno, alisoma Makerere kisha Cambridge, ambako alipata uzamivu wake katika maumbile ya wadudu chini ya Vincent Wigglesworth. Akarudi, na mwaka 1970 akaasisi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ambacho kila mtu hukiita icipe. Makao makuu yakawa Nairobi, lakini akajenga kituo Mbita, kwenye mkono wa ziwa unaotazamana na Rusinga, mahali ambapo wakati ule wengi waliona hapafai ila kwa mbu na samaki. Na wadudu ndio aliokuwa akiwataka. Mwaka 1983 icipe ikaanzisha, pamoja na vyuo vikuu vya Afrika, mpango wa uzamivu wa elimu ya wadudu ujulikanao kama ARPPIS. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi na wa hekima: mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu cha nchi yake, nacho ndicho kimpacho shahada, lakini kazi huifanya icipe, akiwa na msimamizi huku na msimamizi kule. Chuo hakikulazimika kununua darubini kwa ajili ya mtu mmoja, wala kituo hakikulazimika kuwa chuo. Mamia ya madaktari wa elimu ya wadudu wametoka katika mipango ya icipe, wakasambaa barani. Na aghalabu nikimsikia mtu akisema kwamba utafiti wa juu hauwezi kufanyika nje ya Nairobi, hujizuia kumtajia Mbita, kwa adabu tu.

Kile ninachokipendekeza, basi, ni ndugu wa ARPPIS kwa upande wa ubongo. Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho kina saikolojia, tiba na hisabati, na ambacho walimu wake wa hesabu tangu mwaka 2011 wameendesha kambi za hisabati kwa watoto wa shule, ndicho kisajili. Kisian, ambako KEMRI na washirika wake wa Marekani wamekaa tangu enzi za kuanzishwa kwa taasisi hiyo mwaka 1979, ndiko kazi ya mwili na ya nyumba kwa nyumba ifanyike. Na Mbita ibaki na neva za wadudu, kwani mbu atambuavyo harufu ya jasho ni sayansi ya ubongo vilevile, tena yenye faida ya haraka.

Hapo Kisian pana hazina ambayo sioni ikitajwa barazani. Tangu mwaka 2001 KEMRI imeandikisha vizazi, vifo na uhamaji katika Asembo na Gem, na baadaye Karemo pia, kwa watu zaidi ya laki mbili. Na kabla ya hapo, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, Asembo na Gem zilikuwa uwanja wa jaribio mashuhuri la vyandarua vyenye dawa, ambamo vijiji viligawanywa kwa kura, vingine vikapewa vyandarua mwanzo na vingine vikangoja. Watoto wachanga wa vijiji vile sasa ni watu wazima wenye bodaboda na watoto wao. Je, aliyelala ndani ya chandarua miaka miwili ya kwanza ya uhai wake, na ambaye ubongo wake uliepushwa na homa hizo wakati ulipokuwa unajengwa, anakumbuka, anapanga na anaamua tofauti na jirani yake aliyengojeshwa? Kura ile haiwezi kupigwa tena, wala haitakiwi kupigwa tena, kwa kuwa leo kumnyima mtoto chandarua ni dhambi. Swali hilo liko pale, na mwenye kulijibu atahitaji kujua neva, na takwimu ngumu, na namna ya kuingia katika boma la watu saa ya uji.

Pingamizi la fedha nalijua. Sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 ilisema mfuko wa taifa wa utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la nchi, na Hazina haijawahi kuukaribia mlango wa kiasi hicho. Lakini si kila kitu ni mashine ya mamilioni. Huko Ishaka, magharibi ya Uganda, watu wa shirika la TReND, akiwamo Sadiq Yusuf, walianza katika mwongo uliopita kuwafundisha Waafrika elimu ya neva kwa kutumia nzi wa matunda, mdudu ambaye chakula chake ni ndizi iliyoiva. Na huko Muizenberg, Afrika Kusini, kuna darasa la kila mwaka la ukokotoaji wa ubongo tangu 2017, ambalo chombo chake kikuu ni kompyuta ya mapajani. Bila shaka mashine kubwa zitahitajika siku moja. Kwa sasa tuanze na zile ambazo fundi wa Kondele aweza kuzifungua.

Lililo zito zaidi kuliko fedha, kwa maoni yangu, ni tabia yetu ya kuutazama uzamivu kama kibali. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliwahi kuagiza kwamba ifikapo mwaka 2018 wahadhiri wote wawe na shahada hiyo. Mwaka ukafika, ukapita, na agizo likabaki likisubiri watu. Matokeo yake ni kwamba wengi huitafuta shahada jioni, baada ya kufundisha madarasa manne, kwa mada iliyochaguliwa kwa sababu itakwisha upesi, mbele ya msimamizi mwenye wanafunzi wengine ishirini. Huko si kuzama, ni kulowa miguu. Ningependa tuwe na wachache, sita kwa mwaka, wanaolipwa posho ya kuishi ili wasifundishe, kuliko sitini wanaotangatanga.

Na hao sita wasiruhusiwe kujificha katika tawi moja. Mwenye saikolojia aketi na hesabu mpaka mlinganyo wa kujifunza usimtishe. Mwenye kompyuta apelekwe wodi ya watoto katika ile hospitali kuu ya rufaa ambayo sisi wa Kisumu bado twaiita Russia, kwa kuwa Warusi ndio walioijenga, akae na mama mmoja usiku kucha kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Na daktari afundishwe Dholuo safi, au Kisuba akielekea Mfangano, kwa sababu mgonjwa hujieleza kwa ukamilifu katika lugha aliyoota nayo ndoto. Nasi Waswahili tusijione tumekamilika: neno letu akili tulilolipokea kwa Waarabu, fahamu, dhamiri, nafsi, moyo, kila moja lina mipaka yake, na hatujawahi kuipima. Profesa Amina Abubakar, ambaye alianza Kilifi akaipata shahada yake Tilburg, Uholanzi, na ambaye kipimo chake cha makuzi ya watoto kina jina la Kilifi yenyewe, ni ushahidi kwamba kipimo chaweza kuzaliwa huku na kukubalika kule. Yeye alilazimika kusafiri. Na Chuo Kikuu cha Aga Khan sasa kina taasisi yake ya ubongo na akili Nairobi. Heri, lakini Nairobi haina omena.

Sharti moja zaidi ningeliandika katika kanuni, hata kama maprofesa watalicheka: kabla tasnifu haijapelekwa kwa watahini, mwanafunzi aisome mbele ya watu aliowapima, ufukoni, katika kikao kilichoitishwa na BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo. Nilimweleza mzee mmoja wa Dunga wazo hili, akiwa anashona wavu. Akaniuliza, akiniita mwalimu kwa Dholuo, "Japuonj, na tukisema amekosea?" Nikamwambia atarudi kazini mwaka mwingine. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua kama ni ya kunikubali au kunihurumia, akasema wavu nao hurudishwa hivyohivyo.

Mwanafunzi wa kwanza, nikipewa idhini, ningempangia wiki yake mwenyewe: siku mbili Maseno, hapo kwenye mstari wa ikweta, kwa hesabu; siku mbili Kisian na vijijini; na siku ya tano apande feri Luanda Kotieno avuke mpaka Mbita. Wanawake wa samaki huketi nyuma, karibu na magari, kila mmoja akiwa na hesabu zake kichwani: aliyemkopesha, anayemdai, barafu itakayoyeyuka saa ngapi, na nani ufukoni amwamini asubuhi hii. Awe na daftari lake wazi kabla feri haijaondoka, na asianze kwa kuwapa fomu.